Shangazi, huku jua halichomozi na mama hajui niko wapi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Mombasa, mzaliwa wa Majengo. Nilikuja Canada kuishi na mjomba wangu Ottawa. Mwishoni mwa 2022, jeshi la Canada lilipofungua milango kwa wakazi wa kudumu ambao bado si raia, nilipeleka maombi, nikachukuliwa, nikasomea upishi. Tangu Septemba niko Alert, kituo cha jeshi kilicho kwenye ncha ya kisiwa cha Ellesmere. Kutoka hapa hadi Ncha ya Kaskazini ni kilomita 817. Hakuna mahali duniani watu wanapokaa mwaka mzima kaskazini zaidi ya hapa. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna mti hata mmoja. Hatufiki watu 100.

Nilipofika jua lilikuwa bado linaonekana. Katikati ya Oktoba lilituaga na hatutaliona tena hadi mwisho wa Februari. Watu wa nyumbani wakisikia giza wanafikiria usiku wa kawaida. Huku saa sita mchana na saa sita usiku hazina tofauti. Mwezi ukikaribia kujaa hautui, unazunguka angani siku kadhaa mfululizo, kisha nao unapotea. Nje ni digrii 30 chini ya sifuri, na upepo ukivuma hata mlango unaogopa kuufungua.

Kazi yenyewe siilalamikii. Naamka saa kumi alfajiri, nawasha majiko, nakanda unga, natoa kiamsha kinywa. Vyakula vikavu na vya kugandisha tunavyo vya kutosha. Mboga mbichi, matunda na maziwa huja na ndege ya mizigo kutoka kusini, na hali ya hewa ikichafuka ndege haiji. Hapo nyanya za mwisho zinakatwa nyembamba hadi unaona kisu upande wa pili, na watu wanachungulia dirisha la jiko kila saa kuuliza kama kuna habari ya ndege.

Shida ni mimi nilivyobadilika. Miezi ya kwanza nilikuwa nacheza mpira wa mezani, nakwenda mazoezini, nakaa na wenzangu bwaloni. Siku hizi nikimaliza zamu najaza sahani, naifunika, naipeleka chumbani nakula peke yangu huku nikitazama simu. Usingizi hauji mpaka saa nane za usiku, na saa kumi natakiwa jikoni. Mwenzangu wa jikoni ana mazoea ya kupiga mluzi anapoosha sufuria. Zamani sikuusikia. Sasa akianza tu nahisi kama kuna mtu ananipigia msumari kichwani. Yeye ni mtu mzuri na hajanikosea chochote.

La pili ni mama. Ana shinikizo la damu, na nilipojiunga na jeshi alilia wiki nzima. Halafu jirani akamsimulia juu ya ndege ya jeshi iliyoanguka karibu na Alert mwaka 1991. Kwa hiyo nilipopangiwa kuja huku nilimwambia nimehamishiwa jiko la kambi nyingine, papo hapo karibu na Ottawa. Akipiga video ananiuliza mbona dirishani kwako kila mara giza. Namjibu kwamba ni usiku. Juzi akasema, "Mwanangu, mbona kila nikikupigia ni usiku?" Sikuwa na jibu.

La tatu ni Ramadhani. Mwaka huu inaingia katikati ya Februari, kabla jua halijarudi. Mimi ndiye Mwislamu peke yangu hapa kituoni. Nitafunga kwa jua gani, na nitaonjaje chakula cha watu?

Zamu yangu ni ya miezi 6, inaisha katikati ya Machi. Nimefikiria kwenda kwa mhudumu wa afya lakini naogopa itaandikwa kwenye faili kwamba kijana wa Kiafrika ameshindwa na baridi. Nikirudishwa nitapoteza marupurupu, na nyumbani wanayategemea. Nikaze moyo hadi Machi, au niombe kuondoka?

Kijana wa Majengo

*

Marahaba mwanangu,

Usiombe kuondoka wiki hii, na usikaze moyo pia. Kesho ukimaliza kiamsha kinywa nenda kwa mhudumu wa afya, umweleze hivi ulivyonieleza mimi: unalala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, umejitenga na watu, na sauti ya mluzi imekuwa adhabu. Umuulize kama ni uchovu wa giza au ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hayo ni mambo mawili, yanatibiwa kwa njia mbili, na wewe mwenyewe huwezi kuyatenganisha ukiwa ndani yake. Uamuzi wa kubaki au kuondoka uje baada ya hapo, na usiufanye peke yako saa nane ya usiku na simu mkononi.

Kuna jambo ambalo sitalizungusha. Ukijikuta unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, au unatamani kutoka nje peke yako kwenye ile baridi, usingoje kesho. Mgongee mtu mlango saa hiyo hiyo. Huyo mpiga mluzi anafaa kabisa. Jeshi lenu pia lina simu ya ushauri ya siri, inayopokelewa saa 24, kwa ajili ya wanajeshi na familia zao. Namba yake mhudumu wa afya anayo.

Sasa hilo la faili. Wakubwa wanaopeleka watu Alert si wageni wa giza. Jeshi liko hapo tangu 1958, na kabla yake watu wa hali ya hewa walikuwa hapo tangu 1950. Mtu anayelala vibaya mwezi wa Januari kwenye latitudo ya digrii 82 si habari mpya kwa yeyote. Habari mbaya kwao ni mpishi anayeficha mpaka siku anapoanguka na sufuria ya mafuta ya moto mkononi.

Na hilo la "kijana wa Kiafrika ameshindwa na baridi" nataka ulitoe kichwani kabisa. Mwaka 1953 serikali ya Canada ilihamisha familia za Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini, kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, ikazipeleka kwenye visiwa vya mbali kaskazini, zikaanzisha makazi ya Grise Fiord na Resolute. Grise Fiord ndiyo jumuiya ya Canada iliyo karibu nanyi, ingawa kati yenu kuna zaidi ya kilomita 700. Hao walikuwa watu wa barafu, wamezaliwa kwenye theluji, wanajua kuwinda na kujenga kwenye baridi. Lakini kwao Inukjuak jua huchomoza hata Desemba. Walipofika kule wakakutana na miezi ya giza isiyo na mapambazuko, iliwaumiza, na wazee wao walisimulia maumivu hayo miaka mingi baadaye. Serikali iliwaomba radhi rasmi mwaka 2010. Ikiwa giza liliwalemea Wainuiti, lisikutie aibu wewe mtoto wa Majengo.

Nikueleze kinachotokea mwilini, kwa sababu ukikijua utaacha kujilaumu. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na kila siku saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwanga ukikosekana, saa inaanza kuteleza, leo dakika chache, kesho dakika chache. Homoni ya usingizi, melatonini, inamwagika wakati usiofaa. Halafu wewe unachukua simu saa sita usiku, unaiweka sentimita 20 kutoka usoni, na ubongo unadhani hiyo ndiyo asubuhi. Kwa hiyo muulize mhudumu wa afya kuhusu taa ya tiba ya mwanga, ile yenye nguvu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga). Watu hukaa mbele yake kama nusu saa mara tu wanapoamka. Mfuate anavyokuelekeza kuhusu muda na macho. Muulize na vitamini D, maana ngozi yako haijaguswa na jua tangu Oktoba. Simu iache nje ya kitanda. Saa ya kulala iwe ile ile hata siku ya mapumziko. Ukiamka saa kumi, basi saa tatu usiku uwe umezima taa, hata kama usingizi hautakuja siku za mwanzo.

Kuna jingine. Watafiti wa maisha ya vituo vya baridi kali, tangu mwaka 1991, wameandika juu ya robo ya tatu ya zamu: mara nyingi, ingawa si kwa kila mtu, moyo huporomoka baada tu ya kuvuka nusu. Msisimko wa mwanzo umekwisha, na mwisho bado hauonekani. Hesabu mwenyewe. Ulifika Septemba, unaondoka Machi, na barua yako umeiandika Januari. Uko hapo hapo.

Nije kwenye sahani yako iliyofunikwa, maana katika barua nzima hiyo ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Unalisha kambi nzima kisha unakwenda kula chumbani umejifungia. Najua kwetu mpishi hula mwisho, na wengi tumelelewa tukiona mama anakula jikoni baada ya wote kushiba. Lakini mama hakuwa peke yake kule jikoni. Kulikuwa na shangazi, na jirani, na mtoto wa nani sijui, na mazungumzo yasiyokwisha. Wewe uko na simu.

Watu waliokutangulia kwenye giza hilo walilijua jambo hili. Mwaka 1819 nahodha Mwingereza William Edward Parry alinaswa na barafu na meli zake mbili, Hecla na Griper, katika visiwa hivyo hivyo vya kaskazini mwa Canada. Alikaa majira yote ya baridi. Akaamuru waanzishe maigizo jukwaani, maofisa wengine wavae mavazi ya kike wawachekeshe mabaharia katika baridi ya kugandisha pumzi, na watoe gazeti lao la kuandika kwa mkono. Hakufanya vile kwa kupenda mzaha. Aliona kwamba mtu aliyeachwa na mawazo yake mwenyewe kwa miezi mitatu anaharibika, na kwamba usiku wa maigizo unampa kitu cha kungojea. Na mwaka 1898, upande wa pili wa dunia, meli ya Wabelgiji iitwayo Belgica ilipokwama Antaktika, watu walianza kudhoofika na wengine kuchanganyikiwa. Daktari wao, Frederick Cook, aliwakalisha wagonjwa mbele ya moto ulio wazi wapate mwanga na joto, na akawalazimisha kula nyama ya pengwini na sili badala ya makopo. Wengi wao walipata nafuu. Daktari alitumia alichokuwa nacho: moto, chakula kisicho cha kopo, na kutomwacha mtu peke yake. Mwanangu, mpishi ndiye mwenye hivyo vitu hapo Alert.

Hata meli ambayo kituo chenu kimepewa jina lake, HMS Alert, ilikaa majira ya baridi karibu na hapo mwaka 1875 hadi 1876, na safari yake ilivunjwa na kiseyeye, kwa sababu watu walikosa chakula chenye vitamini C. Unapohangaika na ile nyanya ya mwisho, unafanya kazi ambayo msafara mzima wa wanamaji wa Uingereza ulishindwa nayo. Usiione ndogo.

Kwa hiyo naomba hivi. Mlo mmoja kwa siku, sahani yako isivuke mlango wa bwalo. Kaa. Si lazima uongee. Kaa na wale wa mitambo, au wale wa kituo cha kupima hewa, ambao nasikia wana mengi ya kusimulia, maana hewa ya Alert hupimwa gesi zake ili dunia nzima ijue inavyobadilika. Siku mbili tatu za kwanza utahisi mzigo. Kaa tu. Na mkuu wako wa jiko mwombe jioni moja kwa wiki iwe yako, upike cha kwenu. Viazi vya karai vinataka viazi, unga, bizari na ndimu, na hata ndimu ya chupa itafaa ndege isipokuja. Mahamri yanataka unga, hamira, sukari, iliki na tui la kopo. Watu wakijua Ijumaa ni siku ya mahamri, hesabu ya siku inabadilika kwa kituo kizima.

Mpiga mluzi mwambie, lakini mwambie mkiwa mmeketi na chai, si upawa ukiwa mkononi. Mwambie kichwa chako siku hizi hakivumilii sauti na unaomba akusaidie asubuhi mapema. Anaweza kukuambia kwamba naye ana lake. Katika jengo ambalo watu hawawezi kutoka, hakuna asiye na lake.

Mama sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu na mimi ni mama. Ameshajua kwamba kuna kitu. "Mbona kila nikikupigia ni usiku" si swali la mtu asiyejua. Shinikizo la damu halipandishwi na ukweli peke yake. Kubahatisha usiku kucha kunalipandisha zaidi, na mama yako anabahatisha mambo mabaya kuliko Alert.

Usimwambie kwa ujumbe. Mpigie saa sita mchana yako, kwake itakuwa saa mbili usiku, ameshakula na ameshameza dawa. Kama yupo dada au mjomba pale nyumbani, mwombe akae karibu naye. Anza na kilicho chema: niko salama, nimeshiba, niko ndani ya jengo lenye joto, napika. Kisha umtajie mahali. Ataitaja ile ndege ya 1991, na usimdanganye kwamba haikutokea. Ilianguka tarehe 30 Oktoba ikiwa inakaribia kutua, ikiwa na watu 18. Watano walikufa, 13 wakaokolewa baada ya kukaa kwenye dhoruba zaidi ya saa 30. Ni msiba wa kweli na hapo kituoni wanakumbukwa. Mwambie pia kwamba wewe si rubani, kwamba safari iliyobaki ni moja tu ya kurudi, na kwamba ndege hairuki hali ya hewa ikiwa mbaya, ndiyo maana nyanya huchelewa. Halafu mgeuzie kamera dirishani ulionyeshe lile giza, umwambie mama, hili ndilo ulilokuwa unaliona. Atalia. Mwache alie, usikate simu.

Mpe na kazi. Kuna nguzo ya vibao hapo Alert, watu hupigilia majina ya miji yao na umbali wake. Mwombe akutajie jina la mtaa kama anavyotaka liandikwe. Mama aliyepewa kazi anatulia upesi kuliko mama aliyepewa pole.

Kuhusu Ramadhani, uamuzi utauchukua kwa mwanachuoni, na unaye wa karibu kuliko unavyodhani: jeshi la Canada limekuwa na imamu miongoni mwa viongozi wake wa dini tangu 2003. Omba uunganishwe naye kwa simu mwezi huu. Msingi wanaoutumia ni ile hadithi katika Sahihi Muslim, masahaba walipoelezwa juu ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, wakauliza kama swala za siku moja zitatosha, wakaambiwa wakadirie kipimo chake. Kwa hiyo mahali ambapo usiku na mchana havitengani, wanachuoni huelekeza kufuata mji wa karibu wenye mchana na usiku wa kawaida, au Makka. Waislamu wa Inuvik, mji mdogo wa kaskazini mwa Canada, ambao msikiti wao ulisafirishwa kwa lori na tishari hadi kaskazini mwaka 2010, wamekuwa wakifuata saa za Edmonton, mji mkubwa ulio kusini yao. Ninyi saa ya kituo tayari ni ya Ottawa, mji unaoufahamu. Imamu akikukubalia huo, jua la Ottawa katikati ya Februari linatua kama saa kumi na moja u nusu jioni, wakati wa chakula cha jioni, na alfajiri yake inaingia wewe ukiwa umeshaamka. Utafuturu mezani pamoja na wote. Kuonja, muulize pia, ingawa wengi humruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi na kutema, na mwenzako naye anaweza kukuonjea chumvi. Kama wakati huo usingizi bado haujarudi, au mhudumu wa afya amekupa dawa, mweleze imamu na hilo kabla hujatia nia. Mgonjwa ana ruhusa yake na siku zake za kulipa.

Tende, iliki, tui la kopo na bizari viandike kwenye karatasi leo, umpe mkuu wa jiko aviingize kwenye oda. Ndege ya mwisho kabla ya Ramadhani inaweza kuchelewa.

Wako,
Shangazi